Pacha Aliyekuwa na Homa

Halfani alikuwa bwana nyuki wa serikali pale Iringa, na nyumbani kwake Mlandege alibaki na binti mmoja tu, Bibie. Pacha wake, Zuena, alikuwa Mbeya kwa shangazi yao, akisoma.

Siku moja ya mwaka 1956 Halfani alifunua mzinga, Bibie akimshikia bomba la kufukizia nyuki moshi. Akamwonyesha kijumba cha malkia kilichoning'inia kwenye sega mithili ya karanga.

"Humu mna buu," alisema. "Halina tofauti na mabuu haya ya vibarua, nyuki wa kazi. Mama mmoja, urithi ule ule. Siku tatu za kwanza yote hulishwa maziwa ya nyuki, huu ute mweupe. Kisha vibarua huachishwa, wakapewa asali na chavua. Huyu huendelea kushibishwa maziwa, na wataalamu wanahisi ndiyo yanayoamsha vichocheo mwilini mwake, akawa malkia."

"Na kibarua akirudishiwa maziwa?"

"Akishakua, basi. Wakati wake umepita."

Moshi ulimwingia Bibie machoni, asipanguse.

"Baba, kwa nini alikwenda Zuena?"

Kwa miaka tisa Halfani alikuwa akiliogopa swali hilo. Mkewe alipofariki, dada yake Halfani wa Mbeya alikuja kumchukua mtoto mmoja akamsomeshe. Wa pili abaki kumsaidia baba.

"Asubuhi ile ulikuwa na homa, mwanangu. Na gari lilikuwa linaondoka."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Bibie aliufunika mzinga taratibu, asibane nyuki hata mmoja, akaenda kuteka maji.

Kesho yake Halfani alikwenda shuleni kumwombea Bibie nafasi. Mwalimu Tadeo alimwambia kwa upole kwamba darasa la kwanza halichukui msichana wa miaka kumi na sita. Basi Halfani akatafuta ubao, akawa anamfundisha mwenyewe kila jioni. Bibie alikaa kwa adabu, herufi zisimkae kichwani, hadi siku alipousukuma ubao kando.

"Baba, inatosha. Anayetaka kupona hapa ni wewe."

Mwaka uliofuata aliolewa na Muhidini, mfanyabiashara wa Mwanjelwa, kule kule Mbeya alikokuwa Zuena. Barua yake ya kwanza ilipofika, Halfani aliifungua akiwa bado mlangoni. Salamu zilikuwa za Bibie. Mwandiko ulikuwa wa Zuena. Chini kabisa, kando ya jina, palikuwa na alama ya dole gumba. Halfani akaiwekea kidole chake juu, akalia kwa sauti hata majirani wakadhani amefiwa.