Mkono Ulioshika Beseni

Waombaji wa chuo cha udaktari tuliitwa kwenye usaili wawili wawili, na mimi nikapangwa na kijana niliyekuwa nimeshambatiza Mtanashati moyoni. Nilimtambua kabla hajakaa. Mwezi uliopita alikuja wodini amevaa koti jeupe la mjomba wake, daktari wa pale, mikono ya koti imemeza vidole. Nilikuwa namwogesha bibi yangu, ambaye tangu apooze ni mimi ninayemgeuza kitandani usiku na mchana, mgongo usije ukachubuka. Kijana akaniambia, "Dada, hebu sogea kidogo." Akamshika bibi mkono, rafiki yake akapiga picha, wakaenda zao. Hata pole hakumpa.

Sasa picha hiyo ilikuwa inazunguka mezani, na maprofesa wanaitazama kama vile wamemwona malaika.

"Huu ndio moyo wa huduma," alisema mwenyekiti wao. Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti, umewahi kuhudumia wagonjwa?"

"Namuuguza bibi yangu."

Akatabasamu kwa ule upole wa kumnyamazisha mtoto. "Kila mtu ana bibi, binti. Sisi tunataka ushahidi."

Nikaiomba ile picha, nikaweka kidole pembeni kabisa, pale ulipoonekana mkono ulioshika beseni.

"Huo ni wangu," nikasema. "Na huyo kitandani ndiye bibi yangu. Haya, muulizeni mwenzangu, bibi huyu anaumwa nini."