Alama Kumi na Tatu

Barua ya kliniki ilisema baba amepata alama kumi na tatu kati ya thelathini kwenye kipimo cha kumbukumbu, na kwa sababu ya alama hizo Kaka Mkubwa alifunga karakana kwa kufuli jipya.

Bi Mizani aliyakuta hayo alipotoka kazini. Baba yake, aliyetengeneza redio za watu kwa miaka arobaini na mitano, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa karakana yake mwenyewe, mikono mapajani, kama mteja aliyeambiwa asubiri.

"Ni kwa usalama wake," alisema Kaka Mkubwa. "Mtu asiyejua leo ni siku gani anashikaje chuma cha kulehemu? Si atatuunguzia nyumba?"

"Nani kasema hajui?"

"Imeandikwa. Soma mwenyewe."

Baba aliinua kichwa. "Yule binti wa kliniki aliniuliza leo siku gani, kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. Nikajua ananitania. Nikamwambia, waulize walioamka mapema kuliko mimi."

Bi Mizani alicheka, kisha akaisoma barua. Kumbe jibu lile lilikuwa limepewa sifuri.

Yeye alikuwa mkaguzi wa mizani. Miaka kumi na tisa alikuwa akizunguka masokoni na kwenye maghala na sanduku la mawe yake ya kupimia, akiwaumbua wenye mizani iliyopinda. Neno "imeandikwa" halikuwahi kumtisha. Mizani mibovu nayo huandika. Tena huandika uongo uleule kutwa nzima bila kutetereka, na mwenye duka huapa kwamba haijawahi kumbadilikia.

Asubuhi aliomba ruhusa kazini, akaenda moja kwa moja kliniki. Mpimaji, dada mwembamba mwenye miwani, alimkaribisha kwa adabu katika chumba kile kile alichompimia baba. Juu kulikuwa na feni inayokoroma kama mashine ya kusaga.

"Ulikaa upande gani wa baba yangu?"

"Hapa, kushoto kwake."

"Sikio lake la kushoto lilikufa kabla wewe hujazaliwa. Maneno matano ya kukumbuka umemsomea chini ya feni hii, kwenye sikio lililokufa?"

"Hakusema kwamba hasikii."

"Ulimuuliza?"

Bi Mizani alivuta fomu mezani. Mstari mmoja ulisema mzee ataje, ndani ya dakika moja, maneno mengi kadiri awezavyo yanayoanza na herufi F. Asiyefika kumi na moja hapati kitu. Baba alitaja sita: fundi, fyuzi, faili, figo, fimbo, fisi.

Damu ilimchemka. Alivua saa yake, akaiweka mezani.

"Jaribu wewe."

"Samahani?"

"Herufi F. Dakika moja. Anza!"

Mpimaji alianza vizuri: familia, furaha, fedha, faida. Akatazama dari. Foleni. Fulana. Fagio. Akafumba macho. Sekunde zilikuwa zinakwenda zake. Fujo... fenicha. Dakika ikaisha.

"Tisa," alisema Bi Mizani. "Na umesoma mpaka chuo. Nikufungie na wewe ofisi?"

Kwa mara ya kwanza dada yule alionekana kusikia alichoambiwa. Alitoa kabatini kijitabu cha mwongozo, akakifungua polepole, kama mtu anayejua atakachokikuta. Katika lugha ya kigeni ambayo kipimo kilitungwa kwayo, alieleza, maneno ya F ni tele. Kilijaribiwa kwanza kwa watu waliosoma miaka kumi na miwili na zaidi, na alama za kila mzee hulinganishwa na za watu hao. Mwongozo ulionya kwamba kikitafsiriwa lazima kijaribiwe upya kwa wazungumzaji wa lugha hiyo.

"Baba alisoma miaka minne. Na nyinyi mlikijaribu kwa nani?"

"Hatukukijaribu kwa mtu yeyote. Tulikitafsiri hapa ofisini, mchana mmoja."

"Mchana mmoja!" Sauti yake ilifika korido. "Mimi mzani wa kupimia vitunguu nikiutilia shaka naupima mara tatu, na siupi muhuri mpaka nijue mawe niliyoulinganisha nayo ni ya haki. Nyinyi mmempima mtu mara moja, kwa jiwe la kuokota, mkampiga muhuri!"

Daktari mkuu alichungulia mlangoni. "Mama, tulia. Hicho ni kipimo cha kimataifa."

"Basi kampime huyo kimataifa. Baba yangu nataka apimwe upya."

Wiki iliyofuata baba alirudi. Safari hii chumba kilikuwa kimya. Mpimaji alimwamkia, akaketi kulia kwake, akamweleza kwamba maswali mengine yataonekana ya kitoto lakini kila mtu huulizwa. Alitumia fomu nyingine, yenye maneno mengine, na swali la herufi aliliacha, akaandika kwamba ameliacha. Baba alitaja siku, tarehe na mwezi. Alichora saa safi kabisa. Lakini kati ya maneno matano alikumbuka mawili tu.

"Karibu ishirini na tatu," mpimaji alimwambia Bi Mizani pembeni. "Usiishike sana hiyo namba. Akirudia kesho inaweza kuwa ishirini na moja au ishirini na tano. Ila sitakudanganya, kumbukumbu imepungua. Kama anaweza kazi yake au hawezi, karatasi hii haijui. Mtazameni akifanya kazi."

Jambo hilo lilimuuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Hasira ilibaki palepale, ila sasa ilichanganyika na huzuni.

"Wazee wangapi mmewapima kwa ile fomu ya mchana mmoja?"

Mpimaji aliinamisha macho. "Mia moja na kumi na wawili."

Nyumbani Kaka Mkubwa aliposikia alipiga kofi mezani. "Si nilisema! Ameanza kusahau!"

"Amesahau maneno matatu. Wewe umesahau kwamba ni baba yako. Lete ufunguo."

Baba mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono, na mwanawe hakuweza kumtazama usoni. Karakana ilifunguliwa. Bi Mizani alikaa humo mchana kutwa, akitazama. Baba alilehemu nyaya nyembamba kama nywele bila kukosea, ila mara mbili aliuliza mteja alisema redio ina tatizo gani. Mara ya pili binti yake alichukua karatasi, akaliandika tatizo hilo na kuibandika kwenye redio. Baba aliisoma, akakunja uso, akaendelea na kazi.

Jumatatu Bi Mizani alikuwa tena kliniki, mlangoni kwa daktari mkuu, na barua aliyoandika na mpimaji: wazee wote mia moja na kumi na wawili waitwe, wapimwe upya. Daktari alisema ana kikao. Bi Mizani alivuta kiti, akaketi.

"Nenda kikaoni. Ukirudi utanikuta."

Daktari alirudi saa nane, akamkuta, akatia sahihi bila kumwangalia. Walioitikia wito hawakufika sabini. Wengine, jamaa zao walijibu kwenye simu kwamba hakuna haja, mzee alishahamishwa, vyombo vyake vya kazi vilishagawiwa. Mpimaji alipomsomea majibu hayo, Bi Mizani aliomba orodha ya wazee ambao hawakufika, akauliza ni nani kati yao anaishi karibu, aanze na mlango huo.