Zoezi la Ukuta

Audax alipomaliza kusoma makala yake watu walipiga makofi, na hayakuwa makofi ya adabu. Hata Mzee Anatory, mkufunzi mstaafu ambaye kwa kawaida husinzia mtu akifika ukurasa wa tatu, siku hiyo alikuwa macho makavu, anatikisa kichwa kwa raha. Koleta peke yake hakupiga. Alikuwa ameikandamiza mikono yake juu ya meza, maana angeiachia ingemtandika mtu.

Naye ndiye mwenyekiti. Duara la Sanaa na Jamii alilianzisha yeye, mwalimu wa Sanaa wa sekondari hapo Biharamulo, baada ya kuchoka kuulizwa na walimu wenzake kama somo lake ni la kuchora maua ya kadi za harusi. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, walimu na wakufunzi wa Biharamulo na Ngara walikutana katika chumba kilicho juu ya duka la vitenge la kina Swabaha, karibu na soko. Hapo walichambua mambo mazito: sanaa ya nani inafundishwa shuleni, nani anaitwa msanii na nani anaitwa fundi tu, na kwa nini binti anayesuka kikapu hapati alama ila kaka yake anayekichora kikapu hicho hicho anapata. Kuna watu waliokuwa wanadamka alfajiri kupanda basi kutoka Ngara kwa ajili ya maneno hayo tu. Koleta aliyapenda kuliko chakula.

Kanuni ya Duara ilikuwa moja: anayeongoza haongei. Anagawa zamu, anachunga muda, maoni yake anaondoka nayo nyumbani. Aliitunga mwenyewe kwa sababu alishawaona wenyeviti wengi wanaokula kikao kizima peke yao wakawaachia wenzao kufunga kwa sala. Leo kanuni hiyo ilikuwa imemfunga mdomo.

Makala ya Audax ilihusu ukuta. Muhula uliopita Duara zima lilifunga safari hadi sekondari anayofundisha Audax, upande wa Mabawe huko Ngara, kufanya zoezi na wanafunzi wa kidato cha nne. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi: chora shule yako kama unavyoiona, si kama inavyotakiwa ionekane. Audax ndiye aliyemwomba Mkuu wa shule ruhusa, na Mkuu aliitoa kwa mdomo huku anavaa kofia ya pikipiki. Wanafunzi wakachora, kisha wakachagua wenyewe mchoro mmoja wa kuhamishia ukutani. Waliuchagua wa Priscila, binti mwembamba asiyependa maneno, naye akaupaka kwenye ukuta wa bwalo unaotazama barabara, kwa udongo mwekundu, masizi na chokaa.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Darasa, mwalimu yuko ubaoni, nusu ya madawati hayana watu. Nje ya dirisha, wasichana wenye madumu kichwani wanapanda kilima kwa mstari mrefu kuelekea nyumba za walimu. Na huko juu, ndani ya karai, mwalimu mmoja anaoga huku anaimba, uso wote umejaa povu la sabuni. Kwa sababu ya lile povu hajulikani ni nani, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana kila mwalimu aliyepita alijiona yeye.

Duara lilipiga picha, likala wali na maharage, likapanda gari likarudi. Wiki haikwisha kabla wazazi wapitao barabarani hawajaanza kucheka. Mkuu akasema walimu wamedhalilishwa. Alipoulizwa nani aliruhusu, akaruka kimanga. Priscila akarudishwa nyumbani kungoja Bodi ya Shule ikae Jumatatu imwamulie: arudi akajiandae na mtihani wa taifa, au afukuzwe akalime.

Na Audax amekuja na makala. Ameiita "Povu la Mamlaka". Imekwisha kukubaliwa, ataisoma Dodoma mbele ya maprofesa.

"Zamu ya nani, mwenyekiti?" aliuliza Swabaha, katibu wa Duara.

"Yangu," alisema Koleta.

Mzee Anatory alinyanyua uso. "Mwenyekiti, kanuni yetu..."

"Naijua, mzee wangu, nimeitunga mimi. Audax, kile kikao cha walimu kilichomrudisha yule mtoto nyumbani, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Audax alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. Alikuwa kijana mwenye akili, msomaji kweli kweli, na Koleta alimpenda kama mdogo wake wa kuzaliwa. Kwa hiyo ilimuuma zaidi.

"Dada Koleta, mle ndani nilikuwa kwenye nafasi ya mtafiti. Mtafiti akiingilia, anaharibu anachokichunguza. Nimelifafanua hilo sehemu ya pili."

"Kwa hiyo ulikuwa unatazama."

"Nilikuwa nashuhudia."

"Mkuu anasema hakutoa ruhusa, na wewe uliyemwomba hiyo ruhusa umekaa hapo unashuhudia."

Audax alirudisha miwani yake machoni. Mzee Anatory akaona aokoe jahazi. "Mama, tuwe wakweli," alisema kwa upole. "Mtoto asingerudishwa nyumbani, makala isingekuwa na nguvu hii. Yaani tukio lenyewe limeikamilisha nadharia."

Watu wakacheka kidogo, ule ucheko wa wasomi waliosikia jambo la werevu. Hapo damu ya Koleta ikachemka. Aliwaangalia mmoja mmoja, watu aliowakusanya kwa mikono yake, aliowabembeleza, aliowakopesha vitabu visivyorudi, akaona hakuna hata mmoja aliyejiuliza yule binti anaamkaje kwao asubuhi wakati wenzake wako darasani. Walimwona kama mfano. Mfano mzuri, wa sehemu ya pili.

"Zoezi lilikuwa letu," alisema. "Si la Priscila. Tulimwambia achore anachokiona, akachora. Jumatatu saa nne Bodi inakaa. Nataka wote tuliokuwepo siku ile twende tukasimame tuseme hivyo tu. Nani anakuja?"

Ungedhani ameomba mtu amtolee figo. Mmoja alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mwingine alikumbusha kwamba wao ni watumishi wa umma na kuna utaratibu. Mzee Anatory alikuwa na goti. Kisha likaja wazo lililowafurahisha wote: Duara litoe tamko. Tamko kali, la kurasa mbili, bila majina ya watu.

"Bila majina," Koleta alirudia.

"Kwa usalama wa Duara," alisema Mzee Anatory. "Duara likivunjwa, nani atawatetea akina Priscila?"

Koleta alicheka, kicheko kibaya, akafunga kikao bila kumpa mtu yeyote neno la mwisho. Swabaha alimfuata ngazini. Alisema baba yake atanuna kwa duka kukosa mtu Jumatatu, lakini kununa hakuui, wataondoka pamoja na basi la Jumapili. Koleta alimshika mkono tu, maana hasira ikipata mtu wa kuipokea hugeuka machozi, na hakutaka kulia juu ya ngazi za duka la watu.

Walilala kwa mama yake Koleta huko Ngara, na asubuhi wakafika shuleni mapema. Bodi ilikaa ofisini kwa Mkuu. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Nyirabahizi, mkulima wa kahawa na migomba, mtu mzima mwenye sauti ya chini ambaye watu humsogelea ili wamsikie. Koleta na Swabaha walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akawaonyesha benchi. Priscila alikuwa amesimama pembeni na sare yake iliyopigwa pasi, baba yake yuko nyuma yake, kofia mkononi. Audax alikaa upande wa walimu, karibu na dirisha.

Mkuu alieleza makosa. Aliongea vizuri, kwa huzuni ya mzazi. Alisema shule haikujua lolote, binti alijiamulia kuchafua mali ya umma na kuwadhalilisha walezi wake. Halafu, kwa kujiamini kwa mtu anayemjua shahidi wake, akageuka. "Mwalimu wa Sanaa yuko hapa. Mwalimu Audax, mimi nilikupa ruhusa?"

Audax alisimama. "Suala la ruhusa, Mkuu, lina sura nyingi," alianza. "Na picha yenyewe haina maana moja. Lile povu, kwa mfano, mtu anaweza kulisoma kama..."

"Mwalimu," Mama Nyirabahizi alimkata, kwa lafudhi ya kwao isiyotofautisha r na l. "Uriomba ruhusa, au hukuomba?"

Audax alimtazama Mkuu. Koleta aliona macho yale yanavyokwenda na kurudi, akajua jibu kabla halijatoka.

"Sikumbuki vizuri," alisema Audax.

Koleta hakungoja kupewa zamu. Alisimama akasema kwamba yeye anakumbuka vizuri sana. Yeye ndiye mwenyekiti wa Duara, zoezi alilitunga yeye, na maneno ya zoezi hilo ni haya: chora shule yako kama unavyoiona. Mtoto kafanya alichoambiwa na mwalimu, na kama kuna mtu wa kufukuzwa, yuko mbele yao amevaa gauni la bluu. Swabaha naye akasimama, akasema siku ile alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na alimsikia Mkuu akisema "fanyeni tu, fanyeni tu," huku anafunga kofia ya pikipiki.

"Mwalimu Koleta," alisema Mkuu taratibu, "unajua kwamba unajiharibia?"

"Najua. Andika jina langu. K-O-L-E-T-A, kama kalamu inakusumbua."

Mama Nyirabahizi alimgeukia Mkuu. "Haya. Na hawa mabinti, ni kweri wanawachotea maji saa za masomo?"

"Mama Mwenyekiti, hilo si ajenda ya leo."

"Ego," alisema mama yule, ndiyo, na kwa namna alivyolitamka, Mkuu alikuwa amekwisha kujibu.

Wakatolewa nje, Bodi ikajadiliana kwa muda mrefu. Uamuzi ulipotoka ulikuwa na kila mtu ndani yake, kama yalivyo maamuzi ya kamati. Priscila arudi darasani leo hii. Mwalimu Koleta aripotiwe kwa mwajiri wake kwa kuendesha shughuli shuleni bila kibali cha maandishi. Na ukuta upakwe chokaa leo hii hii na Priscila mwenyewe, ili wote waone kwamba jambo limekwisha. Baba yake aliwashukuru wajumbe mmoja mmoja huku ameinama, na Koleta alitamani kumwambia anyooke.

Uani, chini ya ukuta, kulikuwa tayari na mfuko wa chokaa, brashi na ndoo tupu. Yule mwalimu wa kwenye karai aliendelea kuoga na kuimba juu ya vichwa vyao. Kidato cha nne walikuwa wamejazana madirishani.

"Priscila, wahi maji bondeni," alisema Mkuu.

Alisema bila ubaya wowote. Yalimtoka kama salamu. Wala hakuna aliyeshtuka, si walimu, si baba mtu, wala Priscila, ambaye alikwisha kuinama kuichukua ndoo. Wote walikuwa wanautazama ukuta na hakuna aliyeuona.

Alifika kwanza, akaishika ndoo.

Wakati huohuo Audax alikuwa amemsogelea, simu mkononi, sauti ya chini ya kirafiki. "Dada, umeongea vizuri mno mle ndani. Naomba baadaye tukae nikuhoji kidogo. Naiona kabisa sehemu ya tatu."

Koleta akamnyooshea ndoo.

"Kachote maji."

Audax alitabasamu. "Mimi?"

"Wewe."

Tabasamu likabaki usoni bila kazi. Alimwangalia Mkuu, na Mkuu akaona jambo la muhimu kwenye viatu vyake. Mama Nyirabahizi alikuwa ametoka ofisini, amesimama mlangoni na mkoba wake, hana haraka ya kwenda popote. Madirishani hakuna aliyecheka. Mkono wa Koleta ulikuwa umenyooka na ndoo yake, nao haukushuka, mpaka Audax akatia simu mfukoni akaipokea.

Alipiga hatua chache, akasimama. Upande mmoja njia iliteremka kuelekea kwenye migomba, upande mwingine ikapita katikati ya mikaratusi. Alitazama huku, akatazama kule. Miaka minne alikuwa anaishi juu ya kilima kile. Alioga kila asubuhi, alikunywa chai, alifua mashati yake meupe ya kwendea kwenye Duara, na mezani kwake kulikuwa na kurasa ishirini alizoandika juu ya maji hayo hayo. Shingo yake ilianza kuloa jasho.

Akarudi taratibu mpaka aliposimama Priscila, akainama kidogo ili wengine wasisikie.

"Eti," aliuliza, "huwa mnachota wapi?"

Priscila alijipangusa mikono kwenye sketi, akageuka, akaingia darasani.