Mtandao Katika Nywele za Syntiche

Jumanne saa mbili asubuhi, Syntiche Mbuyi alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya karavani namba kumi na saba, akanyoosha simu kuelekea mnara wa mtaa wa Hewa Bora. Picha ya kwanza ilifika asilimia nne, ikagoma. Akahamia upande wa choo, ambako Jumapili kulikuwa na mtandao kwa dakika mbili nzima. Jumapili ilikuwa imeondoka nao.

Karavani hizo, vyumba vyeupe vya bati vyenye magurudumu, zilikuwa arobaini. Kampuni ya mgodi ilizileta baada ya baruti zake kupasua nyumba za mtaa, ikasema ni za miezi mitatu. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu, na majani yalikuwa yameyafunika magurudumu. Langoni palibandikwa tangazo: WIFI BURE. Kilichokuwa bure ni tangazo.

Aliyetaka kujengewa nyumba alipaswa kutuma dosye, yaani maombi na picha za uharibifu, kwa mtandao kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Karatasi hazikupokelewa, na asiyetuma angepoteza hata kiwanja. Syntiche alikuwa na picha thelathini na moja za nyufa za nyumba yao. Baba yake, aliyetoka Kasai na sanduku moja, ndiye aliyefyatua matofali ya nyumba ile kwa mikono yake. Syntiche hakuwa tayari kuiacha, na alimwambia hivyo kila aliyemuuliza na wengi wasiomuuliza.

Alasiri alikwenda kusukwa kwa jirani yake, Mama Nkandu, maana shida hazizuii kichwa kupendeza. Mama Nkandu alimsuka kwa uzi, ule mtindo wa mashungi yanayosimama wima. Alipofika nusu ya kichwa, uzi ukaisha.

"Fil imeisha," akasema. "Lakini Papa Sudi aliacha waya yake hapa."

Sudi, mzee wa Maniema aliyeishi karavani ya pili kutoka hapo, alikuwa fundi wa kusuka upya mota zilizoungua. Waya wake wa shaba ulikuwa mwembamba kama uzi.

"Weka tu, maman," akasema Syntiche. "Siwezi kutembea na kichwa nusu."

Asubuhi ya Jumatano waya ulikuwa umeshika mizizi. Nusu ya nywele zilikuwa zinaota za shaba, na simu ilikuwa imejaa mtandao. Mama Nkandu alivuta shungi moja, likakataa kutoka, akarudi kwenye maharagwe yake. Sudi alikuja kuchukua waya, akaona umekwisha kuota, akaomba kiti.

Kufikia mchana watu wa karavani zote walikuwa wamekaa na viti vyao kumzunguka Syntiche, kila mmoja na dosye yake. Alipoinama kusonga bukari, ugali wa jioni, picha za watu zilikwama.

"Maman, inua kichwa!" Sudi akapiga kelele. "Niko ku quatre-vingts pour cent, asilimia themanini!"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wazee. Wazee hao hawakuwahi kutuma dosye. Syntiche alikula akiwa wima na kulala akiwa ameketi. Alhamisi mvua ilinyesha, ncha za nywele zikawa kijani na mtandao ukapungua. Mama Nkandu akazisugua kwa limau na chumvi hadi zikang'aa. Shingo ilimuuma Syntiche hadi akalia, na alilia bila kuinamisha kichwa.

"Tuma yako kwanza," Mama Nkandu akamwambia.

"Hapana. Mie rezo iko ku kichwa, haiwezi kunikimbia."

Dosye yake ilipita Ijumaa, saa sita kasoro dakika kumi. Ilikuwa ya arobaini.

Jibu lilikuja papo hapo, simu zote zikalia pamoja. Sudi akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Kampuni ilithibitisha kupokea dosye zote. Kwa kuwa zote zilitumwa kutoka kambini, ilikuwa dhahiri kwamba kambi ina mtandao wa kuaminika, na mahali penye mtandao wa kuaminika ni makazi kamili. Kwa hiyo hakuna nyumba itakayojengwa. Kampuni iliwapongeza.

Saa sita baruti ililia mgodini kama kawaida, vikombe vikacheza mezani. Syntiche alishikwa na hasira.

Jumatatu wakaletewa tangazo jipya la lango: WIFI BURE NA WA KUAMINIKA. Chini yake ulichorwa mshale wa kuelekea karavani namba kumi na saba. Watu waliufuata, wakaja na viti vyao.

Syntiche alikuwa amekwisha kaa kwenye kigoda cha Mama Nkandu.

"Papa Sudi, waya iko bado?"

"Iko."

"Maman, toa hii fil. Weka waya ku nusu ingine. Tunatuma tena, bote, kila siku, mpaka batu ba kampuni bachoke."

Mama Nkandu akaanza kusuka. Syntiche akafungua picha ya ufa wa kwanza, na akainua kichwa kabla mtu hajamwambia.