Mshono wa Ndani

"Mama Theodory, wewe unayeosha vidonda vya watu, hebu nipe ukweli: ni daktari yupi hapo kwenu anayeshona tumbo lisije likatoa maji?"

Veronika aliuliza hivyo akiwa upande wake wa ua wa masale, Jumamosi moja ya mwaka themanini na moja, mundu mkononi na mzigo wa majani ya ng'ombe begani. Aikande alikuwa upande wake, ungo magotini, akichambua maharage. Miaka minane ilikuwa imepita majirani hao hawasemezani zaidi ya salamu. Mumewe Aikande alipozikwa, masale ya mpakani yalihama hatua tatu kuingia kwenye kihamba cha mjane, shamba lake la migomba, na aliyeyahamisha aliendelea kukaa benchi la mbele kanisani, akiimba kwa sauti kuliko wote.

Kwa hiyo Aikande hakuharakisha kujibu. Lakini swali lenyewe lilikuwa la haki. Yuditha, mke wa mtoto wa Veronika, alikuwa amezaa saba. Tumbo lilikuwa limelegea likamwangukia mapajani kama gunia lililojaa nusu, kitovu kimesukumwa nje na ngiri, na chini ya lile kunjo ngozi ilichubuka na kutoa harufu kila jua likizidi. Hospitali ilikuwa imemwandikia apasuliwe: ngiri irudishwe, nyama inayoning'inia ikatwe, na ngozi ya juu ivutwe chini ishonwe.

Aikande alikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake kwa mwaka wa kumi na tatu. Alisoma mpaka darasa la nne, na sindano ya daktari hakuwahi kuishika. Alichokijua ni kile kilichotoka kwenye bandeji.

Na bandeji hazikufanana. Daktari Gidioni, mkubwa wa upasuaji, alishona ngozi ya juu tu, kwa mkono imara, akaacha kimpira chembamba cha kutolea maji, kikachomolewa siku ya tatu. Daktari Primus, kijana wa Kibosho aliyekuwa amerudi kutoka masomoni, alianzia chini. Aliishikiza ngozi kwenye nyama kwa mishono midogo midogo ya uzi unaoyeyuka, safu baada ya safu, kama fundi anayeshona godoro pamba isije ikakimbilia upande mmoja. Pasipo na uwazi, alikuwa akisema, maji hayana pa kukaa. Mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya foleni, na uzi huo ulifika kwa kubahatisha. Daktari Gidioni alisema mbele ya wauguzi wote kwamba kijana huyu anashona tumbo moja kwa uzi wa matumbo matatu.

Aikande hakutumwa na mtu. Alichana kipande cha boksi la shashi, akakigawa kwa mstari katikati, na kila alipobadilisha bandeji iliyolowa akachora kijiti kimoja kwa penseli, huku kwa wagonjwa wa mkubwa, huku kwa wagonjwa wa kijana. Upande mmoja ulijaa haraka.

"Wa Daktari Primus wanakauka upesi," alimjibu jirani yake. "Niliyoyaona ndiyo hayo. Yaishie hapa."

Kumwambia Veronika jambo liishie hapa ni kumpa fisi bucha alinde. Jumatatu lilikuwa sokoni Bomang'ombe, likiuzwa pamoja na ndizi. Alhamisi lilikuwa mezani kwa Daktari Gidioni.

Alimwita ofisini, hakumwambia akae.

"Nasikia tuna daktari wa tatu hapa."

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Lete hicho kitabu chako."

"Si kitabu. Ni kipande cha boksi."

Alikitoa mfukoni mwa aproni. Daktari alikiangalia kwa muda, akakigeuza nyuma kana kwamba huenda ukweli umeandikwa upande wa pili.

"Wagonjwa wangu sita, wake watano. Watu watano, Mama Aikande, hata kwaya hawatoshi. Na wangu walikuwa wanene kuliko wake. Uliandika unene wao?"

"Sikuandika."

"Uliandika nani ana sukari, nani alitembea mapema?"

"Sikuandika. Niliandika bandeji."

"Basi umeandika uvivu wa kufikiri. Na umeutangaza mpaka kwa wauza ndizi."

"Mimi nilimwambia mtu mmoja."

"Na huyo mmoja ana mdomo mmoja?" Alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi iliyopigwa mashine. "Barua yako ya kuachishwa kazi iko tayari, bado tarehe. Jirani yako amekataa mkono wangu, anataka wa Primus kwa sababu yako. Vizuri. Primus atamshona. Mkwe wake akitoa maji, tarehe naijaza siku hiyo hiyo."

Aikande alisema ahsante, kwa kuwa alilelewa kusema ahsante, akarudi kwenye beseni lake. Hakulia. Kazi ile ndiyo iliyokuwa imemweka mjini na kijijini akiwa amesimama wima tangu mumewe afe. Bila kazi ile angekuwa mjane mwingine tu wa kusogezewa mpaka. Jioni alipiga magoti akamwombea Yuditha, na kwa kuwa alikuwa mkweli mbele za Mungu, alikiri kwamba anajiombea mwenyewe.

Yuditha akashonwa. Daktari Primus alitumia muda mrefu, na aliyekuwa akimkabidhi nyuzi alisema mkono wa daktari ulichoka. Siku ya kwanza bandeji ililowa kidogo. Siku ya tatu ilikuwa na doa. Siku ya tano ilikuwa kavu kama ilivyotoka kwenye boksi. Aikande hakuchora kijiti. Siku ya nane Yuditha aliruhusiwa, ameinama kidogo alivyoagizwa, mkanda wa kitambaa kiunoni, na Daktari Primus akamwambia Veronika kwa kituo: asibebe, asinyooke kwa nguvu, na mkanda usifunguliwe mpaka arudi.

"Nimelea wazazi wengi kuliko wewe ulivyopasua," Veronika alijibu.

Siku ya kumi na mbili walimrudisha kwa gari la kahawa la chama cha ushirika. Tumbo lilikuwa limevimba, linacheza kama kibuyu cha mbege, na pembeni mwa mshono maji ya manjano yalikuwa yakichuruzika.

Walikutana wote kwenye kitanda chake, nyuma ya pazia la wodi. Daktari Gidioni alikuja na ile barua imekunjwa mfukoni mwa koti, pembe yake ikionekana. Hakujitahidi kuificha.

"Haya, Primus. Uzi wa matumbo matatu huo."

"Alitoka hapa akiwa mkavu," Daktari Primus alisema.

"Wote hutoka wakavu. Swali ni wanarudije."

Veronika alikuwa amesimama kichwani mwa kitanda, kikapu mkononi. "Mimi simlaumu daktari," alisema. "Daktari anaweza kukosea. Ninayemlaumu ni huyu, anayekaa na wagonjwa akiwachorea vijiti kama mchawi. Alinishauri mwenyewe. Hana mume wa kumnyamazisha, ndiyo maana. Mkwe wangu akifa, damu iko kwake."

"Sijafa, mama," Yuditha alisema chini chini.

"Wewe lala."

"Mama Aikande," Daktari Gidioni akasema, "fungua. Iwe bandeji yako ya mwisho."

Aikande akanawa mikono. Alifungua mkanda, akabandua plasta taratibu, na kabla hajafika kwenye mshono akasita. Mkanda ule ulikuwa umefungwa kwa fundo jingine. Si fundo la hospitali. Lilikuwa fundo la kitambaa anachofungwa mwanamke aliyejifungua. Akainama. Hospitalini kulinuka dawa, jasho na uji. Hapa tumboni palinuka kama jikoni. Alichukua shashi safi, akaipitisha juu ya kitovu, mbali na kidonda, pale pasipohitaji dawa yoyote. Ikarudi inang'aa.

Akaipeleka puani mwa Daktari Gidioni.

"Nini hiki?"

"Nusa, daktari. Wewe ni mtoto wa huku huku."

Daktari alinusa. Uso wake ulibadilika kabla hajasema neno, kwa sababu na yeye mama yake aliwakanda dada zake walipojifungua.

"Samli," alisema.

"Ya ng'ombe wa nyumbani," Aikande akasema. "Yuditha, ulikuwa unakula nini huko?"

"Mtori. Na mlaso wa damu na maziwa."

"Chakula cha mzazi."

"Na kwa nini asile?" Veronika akadakia. "Tumbo lililofunguliwa lina tofauti gani na lililozaa? Damu chafu inabaki. Msipoitoa inaganda. Mama zetu walikandwa, sisi tumekandwa, mbona hatukufa? Au Mama Theodory wewe hukukandwa?"

"Nilikandwa. Lakini mimi sikuwa nimeshonwa ndani."

"Ndani, ndani. Nani ameona huko ndani?"

Daktari Primus alikuwa akimtazama Yuditha, na Yuditha akamtazama mama mkwe wake, kisha akatazama dari.

"Siku tatu," alisema. "Asubuhi na jioni. Kwa ngumi, kuanzia hapa juu kushuka. Nilisikia vitu vinakatika, kimoja kimoja, kama nyuzi za gunia. Nikamwambia mama, vinakatika. Akasema ni uchafu unaachia, niume kanga ninyamaze."

Nyuma ya pazia mgonjwa mmoja alikohoa. Daktari Gidioni aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile barua. Aliichana mara mbili, bila kumtazama mtu, akavitia vipande kwenye beseni la bandeji chafu.

"Bado watu watano ni wachache," alimwambia Aikande. "Kuanzia leo utaandika na unene. Na sukari. Na nani anamlea nyumbani." Kisha akamgeukia Primus. "Mwingize ndani. Safisha, rudia mishono yako ya chini. Ila mpira wangu utauweka, na utakaa siku tano. Sibishani."

"Uzi hautoshi, daktari."

"Kwenye kabati langu kuna makopo mawili."

Hakuna aliyemwomba Aikande radhi, wala hakungoja. Alikuwa tayari ameshika kichwa cha kitanda ili wakisukume. Veronika alikuwa amesimama njiani.

"Nipishe, Mama Ebenezeri," Aikande alisema. "Na atakapotoka, hatarudi kwako. Atalala kwangu mpaka mshono ukomae. Ni karibu tu. Siku hizi ni karibu zaidi, kwa hatua tatu."

Veronika alimtazama daktari mkubwa, akamtazama mkwe wake aliyekuwa amegeuzia uso ukutani. Akainama kuokota kifuniko cha kikapu kilichomdondoka, akaifunika nacho chupa ya mtori, akavuta kanga begani, akapita kati ya vitanda mpaka mlangoni, akatoka.