Zaki Hatakatwa Jumamosi

"Zaki hatakatwa," Halima alisema, na akaendelea kuchambua mchele kana kwamba ameomba chumvi tu.

Mume wake Faki alikuwa hapo uani anamfunga mbuzi wa karamu. Akaiachia kamba. "Ati nini?"

"Umesikia. Hao vijana wengine wa msikiti wetu watahiriwe Jumamosi, kheri na baraka. Wangu hapana. Si kwa wembe wa Mzee Yasin, na si hapa uani."

Lo! Ungedhani amemtukana imamu. Mama mkwe wake, Bi Zamzam, alichomoka jikoni na mwiko mkononi. Bibi huyu aliletwa Masinga kutoka Lamu akiwa bibi harusi, na miaka yote hiyo hajakubali kwamba huku bara kuna mtu anayejua kitu.

"Si nilisema mimi? Utambadilisha jina, moyo utabaki ule ule wa Mwikali!"

Mwikali ndilo jina ambalo Halima alizaliwa nalo, kabla hajasilimu na kuolewa. Hakuinua hata macho. "Huyo Mwikali alikuwa na kaka anaitwa Muli, mama. Na Muli alikatwa uani."

Habari za Muli walizijua wote. Alikuwa na vidole vilivyopinda nyuma kama vya mdoli, ngozi laini ya kuvutika, na mapaja yasiyokosa mavilio ya damu hata asipoanguka. Watoto wa kijijini kwao, Kithyoko, walimpa njugu awaonyeshe vidole. Siku ya kutahiriwa kwake damu ilitoka mchana kutwa, na wazee, Mungu awasamehe, wakasema amerogwa, wakaenda kutafuta mchawi badala ya kutafuta gari. Waliporudi Muli alikuwa amekwisha. Halima, msichana mdogo, ndiye aliyekuwa ameshika beseni.

Sasa Zaki alikuwa na vidole vile vile. Hata Halima mwenyewe alikuwa navyo, na alipomzaa Zaki alivuja damu mpaka mkunga akaanza kumsomea dua.

"Lakini Zaki si alipimwa?" Faki akasema. "Walisema zile chembe za kugandisha damu ziko nyingi, sawa kabisa."

"Walizihesabu tu. Mimi nataka kujua kama zinafanya kazi. Kesho naenda naye Machakos."

"Basi utaenda na mama," Faki alisema, akijua mama yake hachezewi.

Hospitalini Machakos daktari aliitwa Linet. Alikilaza kidole gumba cha Zaki mpaka kikagusa mkono juu ya kifundo, akaivuta ngozi ya kiwiko, akauliza habari za ukoo, na Halima akamweleza za Muli bila kulia. Kisha daktari akamkwaruza mtoto mkwaruzo mdogo mkononi, akawa anaigusisha damu kwenye karatasi huku anatazama saa. Tone likaja, na lingine likaja. Bi Zamzam alikuwa anavuta tasbihi pembeni. Mkono wake ukasimama.

"Mishipa yake midogo ni dhaifu," daktari akasema. "Ni kama ukuta uliokandikwa vibaya. Amezaliwa hivyo, na inatembea kwa ukoo. Lakini hii damu inachelewa kukauka kuliko nilivyotarajia. Mnampa dawa gani?"

"Hakuna dawa," Halima akajibu upesi.

"Asprini," Bi Zamzam akasema.

Halima akageuka. Bibi alikuwa anaitazama sakafu.

"Magoti yanamtoka mahali pake, yanamuuma, analia. Nikae nimtazame? Kila asubuhi namsagia kidonge kwenye uji, namwongezea sukari. Ni siri yetu, mimi na mjukuu wangu."

Daktari hakumgombeza. "Asprini inazilemaza zile chembe, bibi. Ukizihesabu utazikuta, lakini hazishikani vizuri. Mishipa dhaifu, na chembe zilizolemazwa juu yake. Angekatwa wiki hii, sijui kama tungemuwahi. Nitampa dawa nyingine ya maumivu. Akishakaa wiki kadhaa bila asprini mrudi tupime tena. Na akitahiriwa ni hapa, na damu ya kumwongezea ikiwa tayari."

Njiani kurudi Masinga Bi Zamzam alimwachia Halima kiti cha dirishani. Kwa anayemjua, hilo lilikuwa jambo la kutisha.

Faki alisikiliza yote, akakuna kichwa. "Mzee Yasin amewatahiri watoto wa Masinga nzima. Mimi nitawaambia watu nini? Kwamba naongozwa na mke?"

"Waambie hivyo hivyo. Hutakufa," Halima akasema. "Mwenye kufa ni mtoto."

Jumamosi ikafika, na Faki hakumwambia ngariba asije. Aibu ilimfunga mdomo, mwanamume mzima! Halima aliposikia takbira zinakaribia uani alimfungia Zaki chumbani, akachomoa mchi kwenye kinu, akasimama mlangoni. Mzee Yasin akaja na mkoba wake, na wanaume wenye kanzu nyuma yake.

"Tupishe, Mama Zaki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu litaungwa, mzee. Lakini damu ya Muli mpaka leo sijaona wa kuirudisha. Piga hatua moja uone kama huu mchi ni wa kutwanga mahindi pekee."

Mtu mmoja akacheka. Faki akaona haya. "Mama!" akaita. "Mama, njoo umwambie huyu!"

Bi Zamzam akatoka jikoni amekumbatia kopo. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya ngariba, akalifungua, na kuvimwaga vidonge vyote mchangani miguuni pake.

"Hivi ndivyo nilivyomlisha mtoto, kwa mkono wangu huu, kwa mapenzi," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa hasira, si kwa uzee. "Ukimkata leo, Yasin, wewe utakuwa umeshika wembe tu. Aliyemuua ni mimi. Nani hapa anataka kunizika na jina hilo? Wewe, Faki?"

Faki alivitazama vile vidonge vyeupe. Kisha akauokota mkoba wa ngariba, ambaye alikuwa ameuweka chini, akamrudishia mkononi. "Karibu chakula, mzee," akasema. "Pilau iko tayari."

Bi Zamzam hakungoja kuona kama wamekubali. Alimfikia Halima pale mlangoni, akamsukuma kwa kiuno apate pa kusimama naye.

"Sogea, Mwikali," akasema. "Mlango huu ni mpana, na mimi pia nina mgongo."