Hajia Maka na Waifai ya Jirani

Ukijaliwa kwenda Hija, huku kwetu Garissa hufungi mizigo kwanza. Kwanza unazunguka mtaa ukiomba msamaha. Unabisha hodi, unapewa chai, unasema, "Nisameheni ninayoyajua na nisiyoyajua," nao wanajibu, "Tumekusamehe, utuombee," kisha unahamia nyumba ya pili. Ni kazi nyepesi. Kwa siku mbili nilikuwa nimesamehewa na nyumba ishirini na tatu, na tumbo limejaa chai hadi nikitembea nalisikia.

Ilibaki nyumba moja, ya Nafiso.

Nafiso ni jirani yangu. Tunatenganishwa na ua wa mabati tu. Hatukuwa tumesemezana kwa miaka mitatu, tangu alipotamka mbele ya wanawake wote, kwenye harusi ya binti yangu Ayan, kwamba wali haujaiva. Uliiva! Mimi huuza maziwa ya ngamia, na sokoni hakuna anayeniweza kwa mdomo, lakini siku ile niliishia kununa. Na nikanuna sawasawa.

Ingekuwa ni wali peke yake, nisingekosa usingizi. Tatizo lilikuwa waifai. Mwaka jana mwanawe Hamze, anayefanya kazi Nairobi, alimwekea mama yake intaneti, na fundi akaiacha wazi bila neno la siri. Siku moja nimekaa juu ya mtungi mtupu wa maziwa kwenye kona ya ua, nikaona simu yangu imeshika mtandao yenyewe. Sikuvunja kufuli. Sikuruka ua. Ayan yuko Sweden na mumewe, na bando langu huisha kabla hatujamaliza kusalimiana. Basi kila alasiri, mimi na mtungi wangu, tukawa watu wa kona ile.

Fatwa nilijipa mwenyewe. Bibi yangu alikuwa mfugaji huko Balambala, na wafugaji wanajua: kisima kina aliyekichimba, humnyweshi ngamia wako bila idhini yake. Dimbwi la mvua ni la kila mwenye kiu. Waifai hupita hewani. Kwa hivyo ni mvua. Nikanywa mwaka mzima kwa raha zangu.

Juma moja kabla ya safari, fatwa ikaanza kuniwasha. Nikamwendea Abdikarim, mtoto wa kaka yangu, ambaye ni karani mahakamani.

"Eeddo," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita shangazi, "sheria haitaki uingie mtandao wa mtu bila ruhusa. Sasa, mlango ulioachwa wazi ni ruhusa au ni usahaulifu? Hapo mawakili wawili wanaweza kubishana mpaka Ramadhani ijayo. Kesi ni ya nani?"

"Kuna mwanamke ninayemjua."

"Mwambie huyo mwanamke aombe tu. Kuomba hakujamfunga mtu."

Nikaenda kwa Sheikh Ogle, kiongozi wa msafara wetu, nikamweleza hoja yangu ya mvua. Alinisikiliza hadi mwisho, akijikuna ndevu.

"Mama Ayan, umewahi kuona mvua iliyofungwa na fundi?" akauliza. "Haki ya Mungu, Mungu husamehe. Haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Ukienda nayo, utarudi nayo."

Nikaogopa kwelikweli. Miaka kumi na mmoja nimeisubiri safari hii, halafu nikakwame kwa Nafiso!

Kesho yake baada ya sala ya alasiri nikabisha hodi. Alifungua, akaniangalia kuanzia viatu, akanipa kiti na chai.

"Abaayo," nikasema, maana ukiwa na shida hata adui ni dada, "nasafiri. Nisamehe ninayoyajua na nisiyoyajua."

Nyumba ishirini na tatu zilikuwa zimejibu papo hapo. Nafiso akanywa chai yake.

"Yapi unayoyajua?"

"Yote."

"Taja."

Hayatajwi! Tangu lini yakatajwa? Lakini mwombaji hachagui. "Nilisema mtaani kwamba mbuzi wako ni mwizi kama mwenyewe."

"Hilo lilinifikia. Nimesamehe."

"Nilifurahi tangi lako la maji lilipopasuka."

"Hilo silijui. Nimesamehe. Endelea."

"Waifai," nikasema, kwa sauti ndogo ambayo sokoni hawaijui.

"Sikusikii, Maka."

"Nimetumia waifai yako mwaka mzima bila kukuomba!"

Alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani. "Hamze huona kwa simu yake kila anayeingia, akaniambia wiki ya kwanza! Akasema, 'Mama, kuna simu inaingia kila alasiri, inaitwa Hajia Maka.' Wewe hujakanyaga hata uwanja wa ndege, simu yako imeshahiji!"

Wallahi ni Ayan aliyeipa simu jina lile. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze.

"Alitaka kuifunga kwa neno la siri," Nafiso akasema. "Nikamkataza."

"Kwa nini?"

Hapo akaacha kucheka. "Waifai nimekusamehe, duniani na akhera. Sasa nisamehe na mimi. Kila alasiri nilikuwa naweka kiti upande wangu wa mabati. Nilikuwa nakusikiliza. Yote."

Sitadanganya, nilipandwa na hasira hadi nikasimama. Intaneti ni intaneti, lakini maneno ya mama na mwanawe?

"Umesikia nini?"

"Nyumba hii ina vyumba vinne na mtu mmoja, Maka. Nilisikia Ayan alipojifungua kwa kupasuliwa. Nilisikia ukimwambia una mafua, na hukuwa na mafua. Nami nikalia huku, nikajiziba mdomo kwa shungi usije ukanisikia."

Nikakaa tena. Nilitaka kutamka neno lile, nimekusamehe, nikajikuta nakoroga chai iliyopoa. Nilikuwa nimezunguka mtaa mzima nikiliomba, sikujua kulitoa ni kuzito hivi.

Simu ikalia. Ilikuwa Ayan, saa yake ileile. Nafiso akajifuta macho, akainuka atoke, aniache na mwanangu. Miezi minane alikuwa amemsikia mjukuu wangu akilia na kucheka. Hata siku moja hakuwahi kumwona.

"Kaa hapo," nikamwambia, nikamgeuzia simu.

Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso. Mtoto akamkodolea macho. Nafiso naye akamkagua kuanzia paji la uso hadi kidevu.

"Mashallah," akasema hatimaye. "Maskini, amechukua pua yako."

Nikamsamehe yote, na hilo pia.